Volti hasi imegoma: kutafuta kosa kwenye sakiti ya 555

Kijana mmoja alinijia kibandani Ngamiani, Tanga, na boksi la viatu. Ndani mlikuwa na priamplifaya ya maikrofoni aliyoiunda mwenyewe kwa opampu (aisi ya kukuza sauti) ya 4558, betri ya bodaboda ya volti 12, na kipande cha bodi chenye aisi ya 555 (sakiti ndogo yenye miguu 8, ya kutoa mapigo ya umeme) ambacho, kwa maneno yake, "kilikuwa kinatoa hasi mpaka jana".

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umepima?"

"Nimepima, hakuna kitu."

"Umepima wapi na wapi?"

Akatazama juu. Nitarudi kwenye boksi lake mwishoni. Kwanza niseme kwamba bodi nyingi za namna hii zinazopita mkononi mwangu hazina kipuri kilichokufa. Kuna waya uliogeuzwa, kuna mzigo uliozidi, au mwenye bodi anategemea namba ambayo sakiti haikuahidi kutoa. Kwa hiyo kabla hujawasha pasi ya solda, jua sakiti isiyo na kosa inapaswa kusoma nini, mguu kwa mguu.

Sakiti yenyewe

Betri inakupa sifuri na 12, basi. Opampu ya sauti inataka graundi iwe katikati: chanya juu yake, hasi chini yake, ili wimbi la sauti lipande na kushuka bila kugonga sakafu. Ukiwa na umeme wa ukutani, pawa saplai ya kompyuta ya zamani aina ya ATX ina waya wa bluu unaotoa hasi 12, na shida imekwisha. Unaweza pia kutumia betri mbili, lakini nani atapakia betri mbili kwenye baiskeli kutoka Makorora? Ndiyo maana tunarudi kwenye 555, aisi ambayo Hans Camenzind aliibuni mwaka 1971 kwa ajili ya Signetics na ambayo mpaka leo haikosekani kwenye duka lolote la vipuri.

Miunganisho ni hii. Mguu wa 1 unakwenda graundi, wa 8 na wa 4 kwenye chanya. R1 ya kiloomu 1 inatoka chanya hadi mguu wa 7. R2 ya kiloomu 10 inatoka mguu wa 7 hadi wa 6. Mguu wa 6 na wa 2 vimeungwa pamoja, na kutoka hapo kapasita K3 ya nanofaradi 10 inashuka graundi. Mguu wa 5 nao unashushwa graundi kwa nanofaradi 10. Mguu wa 3 ndio unaotoa mapigo.

Sasa pampu, yaani sehemu inayosukuma volti chini ya graundi. K1, mikrofaradi 22 ya volti 25, mguu wake chanya uko kwenye mguu wa 3 wa aisi, na mguu wake hasi unafika mahali nitakapopaita makutano. Kutoka makutano, dayodi D1 inakwenda graundi, mstari wake ukiwa upande wa graundi. Dayodi D2 inatoka makutano kwenda kwenye tokeo (mahali volti hasi inapotokea), mstari wake ukiwa upande wa makutano. Zote mbili ni 1N4148. K2, mikrofaradi 100, iko kati ya graundi na tokeo, na mguu wake chanya uko GRAUNDI.

Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu mkono wa fundi umezoea kuweka hasi ya kapasita graundi. Hapa tokeo liko chini ya graundi, kwa hiyo graundi ndiyo iliyo juu. Ukiigeuza, kapasita itachemka, itavimba kichwa, na siku mbaya itapasuka. Mimi nina doa kwenye dari la kibanda kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa vipuri hivyo 555 inapiga mapigo kama 6,900 kwa sekunde. Hesabu yake ni 1.44 kugawa kwa (R1 + 2R2) mara K3.

Namna inavyofanya kazi, mfikirie muuza maji wa mkokoteni. K1 ni dumu, K2 ni pipa la nyumbani, D1 na D2 ni milango inayofunguka upande mmoja tu. Mguu wa 3 ukipanda, dumu linajazwa kupitia D1. Ukishuka, upande wa juu wa dumu unavutwa hadi sifuri, na upande wa chini hauna pa kwenda isipokuwa chini ya sifuri. D2 inafunguka, pipa linapokea. Kiasi kinachofika nyumbani kinategemea ukubwa wa dumu na idadi ya safari. Kwa lugha ya mita: upinzani wa pampu ni 1 kugawa kwa (mapigo mara K1). Mapigo 6,900 na mikrofaradi 22 ni omu 6.6. Mapigo 69 na kapasita hiyo hiyo ni omu 660, na huo si mtambo wa kulisha kitu.

Namba za bodi isiyo na kosa

Kwa betri ya 12 iliyotulia, tokeo bila mzigo litakuwa karibu hasi 9.2. Si hasi 12. Transista za ndani ya 555 ya kawaida zinakula kama volti 1.4 upande wa juu, upande wa chini zinabakiza 0.1, na kila dayodi inachukua kama 0.65. Jumlisha, toa kwenye 12, utaona. Anayesubiri hasi 12 kamili atavunja bodi nzuri akitafuta kosa lisilokuwepo.

Weka mita kwenye volti za DC, waya mweusi graundi, usiutoe hapo mpaka umalize. Waya mwekundu ndio utakaotembea:

Mguu wa 8: volti za betri.
Mguu wa 3: 5.5 hivi. Mita inasoma wastani wa kupanda na kushuka.
Makutano: hasi 4 na nusu hivi.
Tokeo: hasi 9.2, alama ya kutoa ikionekana kabisa kwenye kioo.

Kwa mita ya mshale, mshale utarudi nyuma ya sifuri. Haijaharibika, geuza waya zako. Na kama ni zile mita ndogo za bei poa, angalia kwanza betri yake. Betri ya ndani ikichoka zinasoma juu kuliko ukweli, na unaweza kusifu bodi iliyolala.

Tokeo linasoma sifuri

Usianzie kwenye tokeo. Anzia mguu wa 3.

Mguu wa 3 ukisoma sifuri na haubadiliki, angalia mguu wa 4. Kama haujafika kwenye chanya, 555 inaweza kujiona imeamriwa kunyamaza. Kama mguu wa 4 uko sawa, fuata waya wa mguu wa 7. Ukiwa hewani, K3 inajaa mpaka juu na haipati pa kumwagia, mguu wa 3 unashuka na kukaa chini siku nzima. Kwenye bredibodi, ubao wa kujaribia sakiti bila solda, kosa hili ni la kila siku, kwa sababu mguu wa 7 na wa 6 ni majirani na waya unaingia tundu la pembeni.

Ukisoma 10 na ushee bila kutikisika, kinyume chake: K3 imepiga shoti, au mguu wa 2 umegusana na graundi, kwa hiyo 555 inadhani kapasita haijawahi kujaa. Tazama solda kati ya mguu wa 1 na wa 2. Tone dogo tu linatosha.

Ukisoma 9.7 hivi, sakiti inapiga ila umebadilisha R1 na R2. Kahawia, nyeusi, nyekundu ni kiloomu 1. Kahawia, nyeusi, chungwa ni kiloomu 10. Chini ya taa ya njano, nyekundu na chungwa ni ndugu mapacha. Pima kwa mita kabla hujalehemu, usiamini macho ya saa tatu usiku. Zikibadilishana, mguu wa 3 unakaa juu sehemu kubwa ya muda na chini kidogo sana, na dumu halipati nafasi ya kutosha ya kumwaga.

Mguu wa 3 ukiwa sawa, nenda makutano. Hapa ndipo namba zinaongea zenyewe:

Makutano sifuri, aisi ya baridi: K1 haijaunga. Mguu umekatika au solda haijashika.

Makutano karibu sifuri, aisi ya moto: K2 imepiga shoti, au tokeo limegusa graundi mahali fulani.

Makutano chanya 4 au 5: D1 imegeuzwa.

Makutano hasi 4 na nusu, vizuri kabisa, lakini tokeo sifuri: D2 imegeuzwa au imekatika.

Dayodi moja ikigeuzwa unapata sifuri. Zikigeuzwa zote mbili hupati sifuri, unapata kama chanya 9 kwenye tokeo, na K2 iko mbioni kuvimba. Zima kwanza, ndipo ushangae.

Asiye na uhakika kama 555 inapiga kweli, na hana oskiloskopu, mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme (nani anayo huku?), afanye hivi: aunge kapasita ya mikrofaradi 47 sambamba na K3, hasi yake graundi, na taa ya LED yenye rezista ya kiloomu 1 kutoka mguu wa 3 hadi graundi. Mapigo yatashuka hadi kama moja na nusu kwa sekunde, na LED itakonyeza. Akishaona, aitoe. Njia yangu ya uvivu ni redio ndogo ya mkulima kwenye mawimbi ya kati, katikati ya stesheni mbili. Isogeze karibu na bodi. 555 ikipiga utaisikia inanguruma, ukiikatia betri ngurumo inakata.

Bila mzigo ipo, ukiunga mzigo inalala

Hii ndiyo inayowatesa watu zaidi, kwa sababu mita inasema kuna hasi 9 na opampu inasema hakuna. Mita haili kitu. Volti zake ni za waja leo waondoka leo.

Acha opampu pembeni. Weka rezista ya kiloomu 1 kati ya tokeo na graundi, ndipo upime. Hiyo inavuta karibu miliampea 9, zaidi ya inachokula 4558 moja. Bodi isiyo na kosa itashuka kidogo tu, hadi hasi 8 na nusu hivi. Ikianguka hadi hasi 3 au hasi 1, kuna mambo matatu ya kuangalia, na mimi huyafuata kwa mpangilio huu.

La kwanza, na ndilo mhalifu mara nyingi, ni K1 iliyokauka. Tunapenda kuchomoa vipuri kwenye televisheni za zamani na pawa saplai mbovu, nami sisemi uache, nusu ya kibanda changu imetoka huko. Lakini kapasita iliyokaa miaka karibu na kifaa cha moto imekauka ndani. Kwa nje inang'aa, maandishi yanasoma 22, ndani dumu limebaki kikombe. Huna haja ya mita maalumu ya kapasita. Chukua kapasita mpya ya mikrofaradi 22, ishikilie kwa vidole sambamba na K1, chanya kwa chanya, huku rezista ya mzigo ikiwa imeungwa na mita inasoma. Volti zikiruka kutoka hasi 3 hadi hasi 8, umempata. Zisipotikisika, fanya hivyo hivyo kwenye K2, huku ukikumbuka chanya yake iko wapi.

Kuna binamu wa kosa hili: kusoma vibaya. Mtu anaweka 0.22 akidhani ni 22. Kwa mapigo 6,900, mikrofaradi 0.22 inakupa upinzani wa omu 660 peke yake.

La pili ni K3. Kapasita ya seramiki iliyoandikwa 103 ni nanofaradi 10. Iliyoandikwa 104 ni 100, na ukiiweka hiyo safari za mkokoteni zinashuka hadi 690 kwa sekunde. Zinafanana kwa rangi na umbo, na dukani hukaa kwenye kikopo kimoja.

La tatu ni mzigo wenyewe. Sakiti hii ni ya opampu: 4558, TL072, labda mbili au tatu kwa pamoja. Niliwahi kuletewa bodi ambayo mtu ameiunga na TDA2030 akitaka ipige spika. Amplifaya ile, hata muziki ukiwa umezimwa, inakula makumi ya miliampea, na muziki ukianza inataka ampea. Hakuna kapasita utakayobadilisha ikafaa. Mwenye spika kubwa na betri moja atafute amplifaya ya kutumia betri moja.

Dayodi nazo zinachangia. Ndani ya taa mbovu za enaji seva kuna 1N4007 za bure, na watu huziweka hapa. Kwa umeme wa ukutani unaopiga mara 50 kwa sekunde ni dayodi nzuri. Kwa mapigo maelfu zinachelewa kufunga mlango, na sehemu ya maji inarudi ilikotoka. Zitatoa hasi, ila pungufu. Tumia 1N4148, au dayodi ya Schottky kama 1N5819, ambayo inakula volti 0.2 au 0.3 tu kwa mzigo mdogo.

Aisi inachoma kidole

555 ya kawaida hula yenyewe miliampea 10 hivi kwa betri ya 12, kwa hiyo uvuguvugu ni haki yake. Ikikufanya uondoe kidole, zima. Angalia kama umeigeuza: kikato au nukta iko upande wa mguu wa 1. Angalia shoti kwenye tokeo kwa mita ya omu, betri ikiwa imeondolewa. Zaidi ya hapo sina hadithi ndefu. Iliyochemka mpaka ikatoa harufu, itupe. Hata ikionekana imepona, itakuaibisha ukumbini.

Hasi inatoka, ila ndogo mno kwa chaja ya simu

Mtu anatumia volti 5 za chaja na anapata hasi 2, anasema bodi mbovu. Rudia ile hesabu: 5, toa 1.4, toa 0.1, toa dayodi mbili, inabaki 2.2. Sakiti imetimiza wajibu wake.

Kwa volti 5 badilisha aina ya 555. TLC555 au 7555 hukaa mahali pale pale, mguu kwa mguu, ila transista zake za ndani hazili volti kama zile za zamani. Ukiongeza dayodi za Schottky na mzigo mdogo unafika hasi 4 na nusu. Au nunua ICL7660, ambayo ni pampu hii hii iliyokwishapakiwa ndani ya aisi ya miguu 8, inataka kapasita mbili tu za mikrofaradi 10. Lakini tafadhali: 7660 mwisho wake ni volti 10. Ukiifunga kwenye betri ya 12 haikupi nafasi ya kujutia.

Mluzi kwenye spika

Ustadhi wa madrasa moja alinipigia simu jioni. "Fundi, maikrofoni yako inapiga mluzi kuliko kijana anayesoma kasida." Nilikuwa nimeipima mezani kwa mita, volti safi pande zote mbili. Kwa masikio sikuipima. Nikachukua baiskeli, maana mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star hauwezi kuvumilia mluzi kwenye maikrofoni, na mimi sikutaka jina langu litajwe kwenye maulidi kwa sababu hiyo.

Mapigo 6,900 kwa sekunde yanasikika vizuri na sikio la mtu. Yanaingia kwenye sauti kwa njia tatu, na siku hiyo zote tatu zilikuwepo.

555 ya kawaida, kila inapobadilika kati ya juu na chini, inavuta mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi mno, na volti za betri zinatikisika kwenye waya mrefu. Dawa yake ni nanofaradi 100 na mikrofaradi 100 sambamba, zilehemiwe karibu kabisa na mguu wa 8 na wa 1. Si kwenye betri. Kwenye miguu ya aisi.

Njia nyingine ni tokeo lenyewe, lenye mawimbi madogo juu yake. Weka rezista ya omu 47 kutoka tokeo, halafu mikrofaradi 100 nyingine baada yake, chanya graundi kama K2. Kwa miliampea 10 unapoteza nusu volti hivi, na mluzi unapungua sana.

Kisha graundi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepitisha graundi ya maikrofoni kwenye njia ile ile ya shaba inayorudisha mkondo wa pampu. Graundi ya pampu iwe na waya wake hadi kwenye betri, ya sauti iwe na wake, zikutane huko tu.

Baada ya yote hayo ulibaki mluzi mwembamba wa mbali. Nikachomoa K3 nikaweka nanofaradi 2.2, ile iliyoandikwa 222. Mapigo yakapanda hadi kama 31,000 kwa sekunde, nje ya masikio ya binadamu. Popo wa Sahare kama wanalalamika, hawajanifikia. Siku hizi naanza na 222 moja kwa moja kwa kazi za sauti, na hapo 1N4007 haifai kabisa.

Nimeweka 7905 na sasa hakuna kitu

Wanaotaka chanya 5 na hasi 5 zilizolingana huweka aisi za kutuliza volti, 7805 upande mmoja na 7905 upande wa pili. Wazo zuri, kwa sababu chanya 12 na hasi 9 zinafanya sauti ikikwaruza ianze kukwaruza upande wa chini. Ila miguu ya hizi mbili haifanani. Ukiitazama kwa mbele, 7805 ni ingizo, graundi, tokeo. 7905 ni graundi, ingizo, tokeo. Na bati la mgongoni la 7905 limeungwa na ingizo, si graundi. Ukilifunga kwa skrubu kwenye boksi la chuma lililo graundi, umepiga shoti pampu nzima.

Kwangu inafanya kazi, kwa mteja inakufa

Tanga tuna bahari, na hewa ya chumvi haina huruma na miguu ya vipuri. Bodi iliyokaa mwaka mmoja upande wa Raskazone inaota ukijani kwenye soketi ya aisi. Mguu wa 4 au wa 8 unaunga na kukatika, na volti hasi inakuja na kupotea ukigonga boksi. Chomoa aisi, safisha miguu na soketi kwa spiriti na mswaki wa zamani, rudisha. Kwa kazi ya kudumu mimi silehemu soketi, nalehemu aisi yenyewe, kisha napaka vanishi nyembamba juu ya bodi nzima. Bredibodi usiipeleke kwa mteja hata akikuharakisha.

Kisha sola. Mteja mmoja alirudisha bodi mara tatu, kila mara 555 imekufa, kila mara mezani kwangu aisi mpya inafanya kazi. Mara ya nne nilimfuata nyumbani. Kamba ya betri ilikuwa imelegea, na mtoto akiigusa inachomoka. Paneli inayoitwa ya volti 12, ikikosa betri ya kuitulizia, mchana wa jua inapanda hadi 21 au 22. 555 ya kawaida mwisho wake ni 16. Nilikaza kamba na kuweka kabla ya pampu 7809, ndugu ya 7805 inayotoa volti 9, ambayo inastahimili kuingiziwa hadi 35. Tokeo likashuka hadi hasi 6, opampu haikujali, na bodi haijarudi.

Sasa boksi la viatu. Mguu wa 8: 12.4. Mguu wa 3: 5.7, safi. Makutano: sifuri. Aisi ya baridi. Nikamwonyesha kijana ile orodha ya makutano niliyoibandika ukutani, akasoma kwa kidole: K1 haijaunga. "Lakini fundi, hiyo hapo, iko wima." Nikamwambia aitikise kwa ncha ya bisibisi huku mita ikisoma. Ilipolala kushoto, hasi 9.1. Ilipolala kulia, sifuri. Chini ya bodi, kuzunguka mguu wake chanya, solda ilikuwa na pete nyembamba nyeusi, mpasuko wa safari za baiskeli kwenye barabara ya vumbi, kapasita ndefu ikiyumba peke yake juu ya miguu miwili. Akaiyeyusha upya mwenyewe, nikampa tone la gundi ya moto la kuilaza kwenye bodi.